Askari Mwenye Kofia ya Jirani

Miaka ile ya uasi nilifundisha shule ya Jumapili pale Rugenge, mtaa wa mji wetu wa mpakani. Vitabu vilikuwa vimeungua. Tulibaki na ubao uliofunikwa flanela na picha za kubandika: kaburi, jiwe, malaika, Bwana aliyefufuka, na askari mmoja aliyelala fofofo na mkuki wake.

Askari wa serikali walipourudisha mji mikononi mwao, kaka yangu alitoweka. Jirani yetu, fundi cherehani, alimwambia mama kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, ambamo minye ni mimi, "Minye nilikuwa nalala, mama. Lakini alienda na waasi, na miguu yake. Iko Bujumbura." Mama alimshukuru sana. Kila mchuuzi aliyevuka mpaka pale Kavimvira alibebeshwa salamu za mwanawe.

Mimi sikumshukuru. Mtu aliyelala aliionaje hiyo miguu? Walinzi wa kaburi la Bwana nao walisema hivyo hivyo: tulikuwa tumelala, wanafunzi wake wakaja wakamwiba. Niliapa kwamba jirani ataitapika kweli, tena mbele ya watu.

Basi nikakata kipande cha flanela nyekundu, nikamvika askari wangu kofia kama ile ya jirani, yenye kifundo cha uzi juu. Hakuna mwingine mtaani aliyeivaa. Siku ya Pasaka, kanisa zima likiwepo, jirani akiwemo, nikambandika ubaoni. Watoto wakaangua kicheko, "Ni yeye!"

Nikauliza kwa sauti tamu, "Huyu alikuwa amelala. Sasa aliona nini?" Jirani alianza kutoka jasho. Nilifurahi, sitaficha. Nilitamani Pasaka ile isiishe.

Akasimama, kofia mkononi.

"Ni minye nilimuonyesha kwa maaskari," alisema. "Walinishikia bunduki. Walimupiga risasi pembeni ya muto, na minye nilimuzika."

Nilingoja aanguke, alie, aombe msamaha nimnyime. Nikageuka ili mama aone ushindi wangu. Mama hakuwa akimtazama jirani. Alikuwa akitazama ubao, pale Bwana aliposimama mikono wazi nje ya kaburi tupu, kisha akanitazama mimi.

"Minye nilikuwa na mutoto Bujumbura," alisema. "Weye umenipa nini?"

Nilimchukia jirani kuliko jana yake, kwa sababu safari hii alikuwa amesema kweli.