Yunifomu Mbili

Juzi hapa Kitengela nilimpita mwanamke akikandika ukuta kwa samadi mbichi. Harufu ile ikanirudisha duka la vitambaa la Kajiado, nikiwa msichana mdogo nimeshikilia shuka ya mama yangu. Alitaka kunipeleka shule, lakini boma zima lilimcheka, naye akaanza kusita.

Mama Kanta, Mhindi mwenye duka, alimsimulia habari za mwanamke wa zamani kule India aliyefungulia wasichana shule.

"Kila asubuhi njiani walimrushia mavi ya ng'ombe."

"Walikuwa wanamsaidia kujenga nyumba?" niliuliza. Kwetu Umasaini samadi ilikuwa ukuta na paa; sikujua inaweza kuwa tusi.

Mama Kanta alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka.

"Akaacha kufundisha?" mama akauliza.

"Wapi! Alibeba sari ingine kwa mkoba. Akifika anabadilisha, anafundisha."

Mama alipapasa kitambaa cha buluu kilichonukia upya.

"Basi mkatie huyu ya yunifomu," akasema. "Mbili."

Shule niliiacha mapema, nikazurura miji mingi. Lakini yunifomu zile nilizivaa zote mbili mpaka zikachanika.