Pombe ya Posa Kutoka Mwankoko

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, bia ilirudi Singida kwa kishindo. Kabla ya hapo, ukitaka bia ya chupa ilibidi umjue mtu anayemjua mtu. Mara zikafunguliwa baa zenye majokofu na viti vya plastiki, makreti yakapangwa mpaka darini, na sisi vijana wa mitumba pale sokoni tukajiona tumefika. Nilipopata mchumba, binti wa Ihanja aliyekuwa akishona nguo jirani na kibanda changu, nikaamua kwamba posa yangu itakuwa ya kisasa. Kwao nitapeleka makreti ya bia, wanyooke.

Mshenga wangu alikuwa mjomba, kaka wa marehemu mama. Alinionya mapema. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, "posa huenda na pombe ya mtama. Anaipika mama wa bwana harusi."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mama yangu yuko kaburini na kaburini hakuna mafiga. Dada sikuwa naye, na shangazi zangu wa Kiomboi hatukuwa tukisemezana tangu msiba wa baba. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya makreti, usasa ulikuwa kisingizio tu. Niliona aibu kwamba sina wa kunipikia.

Basi tukayashusha makreti yetu Ihanja, barabarani, watu wakitukodolea macho. Baba mkwe alikuwa mzee mpole, sauti ya chini, mtu wa ng'ombe na alizeti. Aliyatazama makreti, akatushukuru, akatuomba turudi nayo.

"Chupa haizunguki," alisema. "Kila mtu atashika yake, atainama, atamaliza. Sasa hapo tumekunywa pamoja wapi?"

Kwao posa hupokelewa kwa kata moja ya kibuyu, inayotoka mkono huu kwenda mkono ule. Mwenye kinyongo huipitisha bila kunywa, na ikipitishwa hivyo, posa imekwama. Mzee alitupa nafasi ya kurudi mara moja tu. Mjomba alikuwa ameshanong'onezwa kwamba kuna mwalimu mmoja naye anabisha hodi, na mama yake mwalimu yu hai na mkono wake wa kupika pombe unasifiwa. Usiku wa siku hiyo sikula. Nilimpenda yule binti jamani, na niliona ananiponyoka hivihivi kwa sababu ya chungu cha pombe.

"Kama hatuna wa kupika, tutatafuta aliyepika," mjomba alisema asubuhi. "Lakini tutatafuta kweli."

Ndiyo tukaanza kuzunguka vilabu vya pombe vya mjini. Kumbe mimi mjuaji wa baa nilikuwa sijui kitu. Mjomba hakuwa mlevi, alikuwa mwonjaji, na hao ni watu wawili tofauti. Alikuwa akidondosha tone nyuma ya kiganja, ananusa, ndipo anapiga funda dogo na kulikalisha mdomoni huku amefumba macho kama mtu anayesali. Wenye vilabu walimwogopa kuliko bwana afya.

Kilabu cha karibu na stendi walitupa kitu ambacho mjomba alisema ni maji yaliyosikia habari za mtama. Nyuma ya soko, pombe ilikuwa tamu, inachangamka ulimini, mimi nikaifurahia. Mjomba akatema. Sukari ilikuwa imerudi madukani, hamira nayo, na baadhi ya wapishi walikuwa wamegundua njia ya mkato: hawangoji tena kimea kifanye kazi yake. "Hii imekimbizwa," alisema. "Wazee wa Ihanja wataijua kabla haijafika kooni." Tukapata kilabu cha wanzuki kule kwenye mawe makubwa, pombe ya asali, nzuri mno, tukakaa hapo mpaka jua likazama tukasahau kilichotuleta. Lakini wanzuki si ya posa.

Sitadanganya, nilizifurahia siku zile. Nilikuwa na hofu, ndiyo, ila nilikuwa nazunguka na kaka yake mama yangu, ananifundisha kutofautisha mtama mwekundu na mweupe kwa ulimi, ananisimulia jinsi dada yake alivyokuwa akianika kimea juu ya mwamba na kufukuza kuku siku nzima. Mambo hayo sikuwa nimewahi kuyasikia.

Mwankoko, pembezoni mwa mji, ndiko tulikoikuta. Kilabu cha bati, mabenchi ya mbao, hakina hata redio. Mjomba alipiga funda, akafumbua macho, akapiga la pili. Ilikuwa nzito, chachu yake ya taratibu, na kwa mbali kulikuwa na moshi. "Huyu kimea anakianika juu ya moto wa jikoni," alisema. "Chema chajiuza." Mwenye kilabu alituambia haipiki yeye, inaletwa kwa gari na mama mmoja stadi wa nje ya mji. Hatukuuliza zaidi. Tukajaza dumu.

Siku ya kurudi Ihanja tuliimimina kwenye chungu cha kuazima na kuingia uani kwa heshima zote, shikamoo kwa kila mwenye mvi. Mjomba alionja kwanza, kama ilivyo desturi, kuonyesha haina ubaya. Kata ikaenda kwa mama mkwe, maana mwenye kuzaa hutangulia wazee. Alikuwa amekaa mlangoni na wanawake wenzake, ametupa kisogo. Mkwe na mama mkwe kule hawaangaliani usoni. Hawaulizani habari, na mimi kwa adabu hiyohiyo sikuwahi hata kumwuliza mchumba wangu mama yake anafanya kazi gani.

Mchumba wangu ndiye aliyeichota na kumpelekea. Aliinusa akiwa njiani, akasita, akanipitia karibu. "Umeitoa wapi?" alinong'ona. "Hii ni pombe ya mama."

Ina maana nimekuja kumposa binti wa watu kwa pombe ya kwao wenyewe. Mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa nimekuja na mkono mtupu uliojaa mali ya mwenyewe.

Mama mkwe alionja. Akaonja tena, na nikamwona mgongo wake umenyooka.

"Mwulizeni mkwe," alisema, bila kugeuka, "nani kampikia?"

Mjomba alifungua kinywa aniokoe. Nikamzuia. Nilikuwa nimechoka na aibu ile, ilishanipeleka kwenye makreti. "Mwambieni sina mama," nilisema. "Na shangazi sina wa kunipikia. Mimi na mjomba tumezunguka vilabu vyote vya mjini kutafuta iliyo bora, tukaipata Mwankoko. Sikujua ni ya nani."

Wanawake wale walitazamana, wawili wakafunika midomo kwa khanga. Wenzake wa kupika walikuwa haohao, wote waliijua. Baba mkwe, ambaye pombe hiyo ameinywa ujana wake wote, alikuwa ameshasikia harufu, lakini alinyamaza kumsubiri mkewe. Neno lilikuwa lake. Akisema "hii ni yangu," ningeondoka na chungu changu, na mwalimu angeingia.

Alikunywa funda la tatu, refu, akafuta mdomo.

"Pombe hii kapika mama yake," alisema. "Zungusheni."

Kata ikaanza kuzunguka, mkono kwa mkono, na hakuna aliyeipitisha bila kunywa. Iliponifikia nilikunywa nimeinamisha uso, kwa heshima ya mkwe, na kwa sababu nilikuwa nalia.