Neema Tuliyompelekea Mjane

Wakati wa vita ya Kagera, sukari na sabuni zilipoadimika hata kwenye duka la kijiji, katekista wetu wa Murusagamba alitutangazia kwamba kanisa si jengo, kanisa ni sisi. Tulifurahi, maana jengo lenyewe lilikuwa linavuja. Jumuiya yetu ikaamua kumpelekea neema ya Mungu mjane mmoja aliyekimbia Burundi na kupewa shamba pembezoni mwa kijiji.

Tulikwenda mikono mitupu, kwa sababu neema haibebwi kwenye kikapu. Tuliimba, tukasoma Injili ya mikate na samaki, katekista akamwombea mama wa watu riziki mpaka magoti yakatuuma. Kwetu mgeni haondoki bila kula, na wote tulilikumbuka hilo tulipotoka nyumbani bila kula. Mjane akatoa maharage kwenye chungu, akayapepeta mbele yetu, majivu yakaruka. Sote pale tulikuwa wakulima. Tulijua kwamba maharage yanayowekwa kwenye majivu ni ya mbegu. Yalipoiva tulikula, tukamshukuru Mungu anayewalisha ndege wa angani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, katekista alisema ziara ile ilizaa matunda, kwa hiyo tuirudie. Mjane akasimama.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kwa adabu zote. "Neema mliyoniletea imenitosha. Safari hii ipelekeni nyumbani kwako."

Katekista akaitikia marahaba, kisha akatangaza kwamba mkewe anaumwa.