Mita Moja na Robo

Je, mahali pale kina chake ni mita arobaini na moja, au ni mita moja na robo? Nilikipima mwenyewe, kwa chombo nilichokikagua kwa mikono yangu, nacho kikanipa majibu yote mawili siku ileile, saa ileile, mahali palepale. Miaka minne imepita na bado sijui. Usinihesabu miongoni mwa wanaotunga mambo ili kuwatisha wenzao. Nilisoma chuo kikuu, nikasomea habari za bahari, na umri wangu umeshavuka wa kutafuta sifa. Niliyoyaona niliyaona adhuhuri, jua la utosi, mbele ya Mambrui, na siku ile sikuwa nimekunywa ila chai.

Huenda umesikia kwamba dunia inatafuta ramani ya sakafu ya bahari. Sehemu kubwa ya sakafu hiyo haijapimwa; kwenye ramani imejazwa kwa kukisia tu. Meli za utafiti ni chache, kwa hiyo wenye vyombo vidogo nao wameombwa msaada: kila aendaye baharini kwa shughuli zake abebe kipima kina, kisha vipimo vyake viunganishwe na vya wengine katika ramani moja ya ulimwengu mzima. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi manahodha kutoka Ngomeni hadi Kilifi. Chombo chenyewe ni kidogo, kama redio ya mezani. Hutuma mlio chini, husikiliza mwangwi wake ukirudi, na kwa muda uliopita huandika kina na mahali. Niliipenda kazi ile. Kila jioni mstari mmoja mpya uliongezeka penye uwazi, na mimi nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Nahodha wa kwanza kukubali alikuwa Athmani wa Mambrui, mtu mnene, mcheshi, mwenye boti ya mashine aliyoipaka rangi ya manjano. Alikubali kwa sharti moja. Ukoo wake una mahali pa kuvulia ambapo hapajulikani na mtu wa nje. Hupapata kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, na alama hizo baba humwonyesha mwana akishaoa, si kabla. Samaki wanapoadimika pwani nzima, watoto wa Athmani hula kutokana na pale. Akijua mwingine, zitakuja boti kubwa, na baada ya msimu mmoja pasibaki kitu.

"Tukifika kwangu, Mwalimu," aliniambia, kwani ndivyo alivyoniita, "hiyo mashine yako ilale."

Nikamwahidi italala. Nitakwambia kweli, maana nimekuja kwako kusema kweli: haikulala. Siku ile tulipofika, nilikifunika chombo kwa taulo, kioo kisionekane kikiwaka, nikakiacha kinafanya kazi. Nilijiambia kwamba elimu haina siri. Nilijiambia pia kwamba nitaangalia mimi peke yangu. Unaona jinsi mtu aliyesoma anavyojitafutia njia?

Athmani alizima injini, akatoa salamu kwa sauti kuelekea majini kama ilivyo desturi yao, kisha akakaa omoni, mbele kabisa ya boti, akanipa mgongo, akateremsha mshipi. Mimi nilibaki nyuma, tezini. Bahari ilikuwa shwari. Ndipo nikasikia mtu akipasua maji kwa hatua, chapa, chapa, kama wanawake wanavyotembea maji yakitoka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, leso kaifunga kiunoni, kapu begani, mkononi ana chuma cha kuchokolea pweza. Maji yalimfika kiunoni. Ufuo ulikuwa mbali mno. Minazi ilionekana kama nywele. Tulisimuliwa utotoni kwamba hawa watu wa majini wana kwato. Mimi kwato sikuziona. Maji yalikuwa safi, na chini ya pindo la leso yake sikuona miguu kabisa, ila buluu ikienda chini, chini.

Ungefanya nini wewe? Ulimi wangu ulifanya ulichofunzwa. Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Wewe u wa nani?"

Nikamtajia baba yangu, akatikisa kichwa. Nikamtajia bibi yangu mzaa mama, aliyekufa nikiwa darasa la tano, na uso wake ukachanua.

"Yule aliyewapikia wageni kwa tui la pili?"

Niamini, jambo hilo halikujulikana nje ya jiko letu. Tui zito bibi alikuwa akilificha nyuma ya mtungi, ale na sisi, wageni wakishaondoka. Nikacheka. Niko mbele ya kiumbe asiye na miguu, nami nacheka hadi machozi, naye anacheka pamoja nami. Kisha akaelekeza chuma chake kwenye taulo, akataka kujua nimefunika nini. Nikamwambia ni mashine, imelala.

"Imelala?"

"Imelala."

Alicheka mpaka kapu likamtikisika. "Umeifunika macho, mwanangu, nayo husikia kwa masikio. Hata sasa inanigongagonga nyayo."

Akanikaribia kidogo, akinukia mwani na karafuu. Akaniashiria mgongo wa Athmani.

"Mwambie wewe. Mimi nikimwambia nitatia chumvi."

Akageuka, akaenda zake kuelekea mashariki, kwenye kilindi, na maji hayakumpita kiuno. Mawimbi yaliinuka kidogo, yaliposhuka hakuwapo. Athmani, bila kugeuka, aliuliza nilikuwa nikisema na nani. Nikajibu, na mtu. Huo ukawa uongo wangu wa pili siku ile. Papo hapo chewa mkubwa akashika ndoana, tukawa na shughuli nyingine.

Nilipofika kwangu Malindi, wakati wa magharibi, nilifungua rekodi. Mstari ulikwenda mita arobaini na moja, arobaini na moja, arobaini na moja. Kisha, kwa dakika nne, mita moja na robo. Kisha arobaini na moja tena. Najua unataka kusema ni hitilafu. Hitilafu nazijua, huzifuta kila wiki: mapovu, kundi la samaki, mawimbi. Hizo hurukaruka. Hii ilinyooka kama meza. Mashine ilikuwa imemsikia amesimama juu ya kitu.

Basi fikiri hali yangu. Ndani ya rekodi ile mlikuwa na ushahidi ambao hakuna msomi aliyewahi kuwa nao. Na ndani ya rekodi hiyohiyo, nukta kwa nukta, mlikuwa na siri ya watoto wa Athmani. Kuonyesha kimoja ni kuonyesha kingine. Sikulala sana.

Tangu hapo sijapita juu ya maji yoyote bila kuyasalimu, na wenzangu hunicheka. Kwenye ramani kubwa ya dunia ipo nafasi ndogo mbele ya pwani yetu isiyo na kipimo. Nikiiona, mdomo hunicheza wenyewe, hata kikaoni. Nimekuwa mtu mwenye furaha zaidi, na sababu siwezi kuieleza kazini. Nawe msomaji, nakuonya: ukikaribishwa mahali pa watu, usiingie na sikio ulilolificha. Na akikuuliza mtu wa majini wewe u wa nani, jibu kweli tupu, kwa kuwa atakuwa anajua tayari.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa rekodi, niliibeba kompyuta nikaenda Mambrui. Nilimkuta Athmani barazani, mkewe akituletea chai na mahamri ya moto. Nikamweleza yote: ahadi, taulo, yule mwanamke. Akakiweka kikombe chini.

"Alikuuliza wewe u wa nani?"

"Aliniuliza."

Uso wake ukalainika, tumbo likaanza kumtikisika, akacheka kicheko cha mtu aliyesikia habari za jamaa yake wa mbali kwamba hajambo. Hakuniambia zaidi. Nami sikumwuliza.

Nikamwonyesha rekodi, zile dakika nne na zote zilizozizunguka. Nikamsogezea kompyuta ili afute yeye. Akairudisha kwangu.

"Ahadi ilikuwa yako, Mwalimu. Bonyeza wewe."

Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza. Nikaitoa na kadi ya chombo, nikaifuta nayo.

"Haya, kula, mahamri yanapoa," alisema Athmani. "Kisha lete hiyo mashine twende upande wa Ngomeni. Bahari kubwa, na wewe kazi hujaimaliza."