Safari ya Volkmar Isiyo na Saa ya Kutua

Siku Volkmar Dietzel alipovuka mpaka, wanaume wote wa Hollenrode, kijiji cha Ujerumani Magharibi, walimwona angani na wote wakampungia mkono. Polisi walipokuja kuuliza, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutazama juu.

Ilikuwa Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Mei 1988. Siku hiyo wanaume wa kule hukokota mkokoteni wenye makreti ya bia, wakazunguka mashambani wakiimba mpaka miguu igome. Bwana Burkhard, mwenyekiti wa klabu ya urubani, alikuwa zamu ya kulinda banda la ndege. Alililinda kwa mbali, akiwa amekaa juu ya mkokoteni.

Volkmar alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanagenzi wa fundi bomba, na leseni yake ya urubani ilikuwa na miezi mitano tu. Kila Jumapili akiwa juu aliuona mnara wa kanisa la Kaltenstedt, kilomita sita tu, lakini upande wa Ujerumani Mashariki, nyuma ya seng'enge na askari wenye bunduki. Kunguru walivuka. Mawingu yalivuka. Yeye na leseni yake, marufuku! Baadaye watu walimuuliza mara elfu kwa nini alikwenda. Alipokuwa kijana alijibu, "Kwa ajili ya amani." Alipooa akajibu, "Ujinga." Ukweli ni kwamba alitaka kujua kama inawezekana, na kwa kijana wa umri ule hiyo ni sababu tosha, na chenji inabaki.

Basi akaichukua ndege ya klabu. Kwa kuwa alilelewa vizuri, kwanza aliandika kwenye daftari la safari: jina, ndege, saa 4:42 asubuhi. Mwizi gani huyo anayejiandikisha mwenyewe? Mwizi wa Hollenrode. Kisha akaruka chini chini, matawi ya misonobari yakikaribia kumkwaruza tumbo, akavuka seng'enge kabla askari hawajamaliza kubishana kama ile ni ndege yao au si yao, akatua malishoni Kaltenstedt katikati ya ng'ombe wa ushirika.

Mama mmoja mkamuaji akamsogelea na ndoo yake.

"Umepotea, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nimefika."

"Mh! Basi umepotea kuliko nilivyodhani."

Polisi alikuja na pikipiki, akafungua mkoba, akapekua karatasi huku jasho likimtoka.

"We kijana unaniletea balaa gani? Fomu zangu zote ni za watu wanaotoroka kwenda kwenu. Ya mtu anayetorokea huku sina!"

"Kata neno 'kwenda', andika 'kuja'."

"Nikate fomu ya serikali? Unataka tufungwe wote wawili?"

Walisubiri fomu kwa saa tatu, na yule mama akampa Volkmar maziwa. Halafu akafungwa miezi kumi. Ndege ilirudishwa juu ya lori, na nyumbani serikali yake nayo ikamnyang'anya leseni, ili asije akadhani kwamba upande mmoja tu ndio umekasirika.

Alitoka Machi 1989. Novemba mpaka ukafunguka wenyewe. Hollenrode nzima ikaenda Kaltenstedt kwa magari, bibi vizee kwa baiskeli, mchungaji na mbwa wake, wakarudi jioni ileile na keki. Jambo lililomla Volkmar miezi kumi ya ujana sasa lilifanywa na mbwa bila kuulizwa chochote. Nako Kaltenstedt, yule mkamuaji alipouliza habari za kijana wa ndege, Bwana Burkhard alitunisha kifua: "Yule? Tulimtuma sisi!"

Volkmar hakutaka sifa. Alitaka kitu kimoja tu: kuruka tena. Baada ya miaka mitano ofisi ya usafiri wa anga ikamwambia, sawa, fanya mtihani upya, ila leta barua ya klabu kwamba safari zako zote zimefungwa vizuri daftarini.

Hapo ndipo kamba ilipokatikia. Katibu wa klabu na mtunza daftari alikuwa Annegret, mke wake mwenyewe. Akafungua kabati, akaonyesha kwa kidole: kuruka, saa 4:42. Kutua, patupu.

"Kwa hiyo?" Volkmar akauliza.

"Kwa hiyo bado uko angani."

"Annegret! Niko hapa, nakula supu yako kila siku."

"Nyumbani mimi mkeo. Hapa mimi katibu. Supu haiandikwi humu."

Bwana Burkhard alikuwa na dawa. "Andika umetua hapahapa Hollenrode, saa tano na nusu. Barua unaipata leo." Maana ikiandikwa Kaltenstedt, itaulizwa nani alikuwa zamu bandani.

"Nilitua Kaltenstedt," Volkmar akasema.

"Mbishi kama punda wewe! Basi jambo hilo lipigiwe kura mkutanoni."

Likawekwa kuwa ajenda ya tisa. Mikutano ya Hollenrode hufika ajenda ya sita, ambayo ni ua wa miti unaozunguka uwanja, wakagombania urefu wa ua mpaka saa ya chakula. Mwaka ukapita, kisha mingine karibu thelathini. Volkmar akaunga mabomba ya watu, akakata nyasi za uwanja kila Jumamosi, akiinua uso kila injini iliponguruma. "Andika tu uongo wao, mume wangu," Annegret alimwambia wakiwa nyumbani. "Nani atadhurika?" Naye akajibu, "Nilifungwa kwa kutua pale. Nikisema sikutua, nilifungwa kwa nini?"

Mwaka 2024 daktari wa marubani akampima macho. Yangefaulu kipimo cha urubani hadi mwisho wa Julai, si zaidi. Mkutano ulikuwa Juni, na mezani asparaga, mboga ya msimu, na viazi vilikuwa vikipoa. Volkmar, miaka hamsini na mitano, akasimama.

"Naomba ajenda ya tisa kabla ya ua."

"Haiwezekani," akasema Bwana Burkhard, miaka themanini na minne na bado mwenyekiti.

"Bila hiyo nami nitaongea kuhusu ua. Nimejiandaa. Nina kurasa kumi na moja."

Ukumbi mzima ukatazama asparaga. Mikono ikapanda yote.

Annegret akamletea daftari. Volkmar akaandika: Kaltenstedt, malishoni, saa 4:51, salama. Katibu akapiga muhuri. Watu wakagonga meza kumpongeza.

Bwana Burkhard alikuwa akifunua kitabu cha kanuni kwa kidole kilicholowa mate. "Kutua nje ya uwanja bila kibali. Kusimamishwa kuruka miezi mitatu, kuanzia siku ya kuandikwa." Akatazama kalenda. "Yaani hadi Septemba. Pole, Volkmar. Barua utaipata Septemba."

Wengine walishaanza kupakua.

Volkmar akamgeukia katibu. "Basi nipe nakala ya ukurasa huu."

Annegret alikuwa na machozi, lakini alikuwa kazini. "Nakala ni kwa wanachama wasio na adhabu."

Kwa hiyo akausoma palepale amesimama, mstari uleule, tena na tena, na mkewe akabaki ameshika mlango wa kabati, hakumharakisha, mpaka asparaga zikaisha mezani.