Jopo Lisilotabasamu

Wifi yangu akiogopa, hucheka. Ndiyo maana watu walimwita Cheko hata kabla kaka yangu hajamwoa. Wengine hutokwa jasho au hushikwa na kigugumizi. Yeye kicheko humpanda kutoka tumboni, chembamba, na kadiri anavyokibana ndivyo kinavyotafuta pa kutokea. Siku tuliyomzika kaka yangu alijifunika mtandio usoni, mabega yakatetemeka, na watu wakamhurumia wakidhani analia. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Nilijua.

Baada ya msiba alianza kutafuta kazi. Kila alipoitwa kwenye usaili aliambulia patupu. Mwenyekiti akishasema tu, "Tueleze habari zako kwa kifupi," Cheko anaangua kicheko. Mahali pamoja waliona anawadharau. Mahali pengine walimletea glasi ya maji, akacheka ndani ya glasi.

Binti yake wakati huo aliishi kwa mama yangu. Mama alikuwa ameshasema lake. "Mtoto atarudi kwako siku ukipata kazi ya kueleweka. Siwezi kumtoa kwenye chakula nikampeleka kwenye matumaini." Hakuwa na ubaya. Mama husema ukweli kama anayeweka sahani mezani, kisha huendelea na shughuli zake.

Ndipo ofisi moja ya bima ilipomwita. Walitaka mtu wa kukaa dirisha la madai, pale wanapokuja wajane na waliopata ajali.

"Hapo ukicheka, wifi, watakupiga na kiti," nilimwambia.

Akacheka. Kisha akasema, "Nitakwenda kwa mjomba."

Mjomba wake alikuwa mhudumu wa mochwari katika hospitali iliyo nyuma ya soko. Watu walimwita Mzee Baridi, naye alilipenda jina hilo. Tulimkuta alasiri anakausha mikono. Cheko alipomweleza shida yake, hakushangaa. Alitufungulia mlango, akaweka kigoda mbele ya meza tatu za chuma. Juu ya kila meza alilala mtu, amefunikwa shuka jeupe kutoka utosini hadi vidoleni.

"Mjomba, jamani," nilisema.

"Wewe wifi yake simama pale mlangoni, wala usimsumbue." Akamgeukia Cheko. "Hili ndilo jopo gumu kuliko yote. Haliandiki, halitikisi kichwa, halitabasamu. Wewe tatizo lako unatafuta uso wa kukuambia umepatia. Usipouona, unacheka. Hapa hakuna uso. Haya, wasalimie."

Akawasalimia. Mzee Baridi akamrekebisha. Mikono iwe juu ya magoti, ionekane. Usiseme kitu mpaka mlango uache kulia. Mtazame kila mmoja kwa zamu, na ukimaliza jibu lako, nyamaza. Usiujaze ukimya, si wako. Kwenye kutoka, sema "Nawaacha salama," uzime taa. Hiyo ilikuwa desturi yake mwenyewe. Aliamini si adabu kuwaachia watu taa usoni.

Cheko alieleza alikosoma, alikofanya kazi, kwa nini anataka kazi hii. Mara ya kwanza kicheko kilimpanda hadi kooni, kikasimama hapo. Niliona shingo ikipanda na kushuka. Kisha kikarudi kilikotoka. Kilichoniogopesha kilikuja baadaye. Alimaliza jibu, akanyamaza, akainamisha kichwa kidogo upande wa meza ya katikati, kama mtu anayesikiliza swali. Akasema, "Ndiyo. Naam, peke yangu." Si Mzee Baridi wala mimi aliyekuwa ameuliza swali.

Meza hiyo ya katikati ndiyo aliyolazwa kaka yangu kabla hatujamzika.

Akaendelea kwenda, alasiri baada ya alasiri, bila mimi.

Habari za usaili wenyewe alinisimulia siku ileile, akiwa bado na viatu miguuni. Chumba kilikuwa baridi kwa kiyoyozi, mapazia mazito yamefungwa. Waliomhoji walikuwa watatu, wawili wanaume, na katikati mama wa makamo mwenye miwani. Hawakutabasamu. Cheko akasubiri mlango uache kulia, akawasalimia, akaweka mikono magotini. Wakamuuliza atamfanyaje mteja anayefoka. Akasema atamwacha amalize. Wakanyamaza kumjaribu, naye akanyamaza nao, mpaka mmoja wa wanaume akakohoa.

Walipomshukuru, akainuka, akasema, "Nawaacha salama." Akazima taa, akafunga mlango.

Alikuwa katikati ya ukumbi alipotambua alichofanya. Ndani hakuna aliyeita. Hakuna kiti kilichosogea. Alisimama akisikiliza, na anasema kwa muda ule hakuwa na hakika ni chumba gani alichotoka.

Akarudi, akafungua. Walikuwa wamekaa vilevile gizani.

"Washa taa, mama," sauti ya yule mwanamke ilisema. "Halafu utuambie nani amekufundisha kuaga hivyo."

Akawasha. Akawaambia ukweli wote, meza, mashuka na mjomba. Mwanamume wa kushoto akasogeza kiti nyuma kidogo. Yule mama alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Pale dirishani tumeweka wengi," alisema. "Wote wanakimbia, hawawezi kukaa na mtu aliyefiwa. Wewe utakaa. Uje Jumatatu."

"Na hukucheka?" nilimuuliza.

"Hakikuja," alisema, akiangalia viatu vyake. "Nilikisubiri hata kwenye basi. Hakikuja."

Mama alitimiza ahadi. Mtoto alirudi na begi lake na mto wake. Kazini wanamsifu Cheko, watu waliofiwa humwulizia dirishani. Lakini mwanawe alinivuta pembeni siku moja. "Shangazi, mama amesahau kucheka. Nimemtekenya, ananiangalia tu."

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao. Chumba cha mtoto hakina dirisha la maana, taa huwaka mchana. Cheko alimlaza alale kidogo, akamfunika. Nikiwa mlangoni niliona mkono wake ukivuta shuka hadi kidevuni, ukapita kidevu, ukapita pua, ukafika utosini, ukalinyoosha vizuri pande zote.

"Nawaacha salama," akasema, akazima taa.

Kisha ikatoka sauti ndogo chini ya shuka.

"Mama, mimi bado nipo."

Halafu nikasikia kitu chembamba kikianzia tumboni, kikipanda. Nikapapasa ukutani, nikawasha taa. Mtoto alikuwa ametoa kichwa, anacheka kwa furaha. Mama yake alikuwa amepiga magoti, uso ameuzika ndani ya shuka, mabega yanatetemeka.

Safari hii sikuwa nimemshika mkono, nisijue kama anacheka au analia.