Pampu Iliyosuguliwa kwa Mchanga

Hadi leo, harufu ya dizeli ikinipata njiani, namwona mama amechuchumaa mbele ya karai.

Lori la kijiji chetu cha ujamaa, huko Handeni, lilikuwa limetiwa injini nyingine. Ilibaki kufunga pampu ya dizeli tu, shangazi akimbizwe hospitali Korogwe, maana uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika tangu jana yake. Baba, ndiye fundi wake, alipokwenda kuswali, mama akaiona pampu imejaa grisi na vumbi. Akaisugua kwa maji na mchanga, kama asuguavyo sufuria.

Baba aliporudi akaifunga, akazungusha injini. Mpira wa dizeli ukatoa maji yenye mchanga, na injini haikuwaka.

“Nani kaigusa hii?”

“Mimi, baba watoto. Ilikuwa chafu, nikaiosha.”

Ndani ya nyumba, kilio cha shangazi kikakatika, kikaanza cha maombolezo. Baba akainama, akaendelea kukaza nati zilizokwisha kukazwa.